Kuchonga bunduki nyepesi ya mbao: Lee-Enfield namba 5

Habari zenu wapendwa watazamaji, karibuni tena karakana hapa Lanet, Nakuru. Leo tunachonga bunduki. Ya mbao! Kabla mtu hajawapigia polisi, sogea uone: mtutu ni mti mtupu, hauna tundu lolote. Ni ya mchezo wa kuigiza wa shule. Mhusika ni askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu wakati wa ukoloni) anayepelekwa Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo, miaka ya 1950, na mwalimu aliponiletea kazi akasema, "Fundi, chonga bunduki yoyote tu." Yoyote! Mwalimu, huyo mtu yuko msituni, kila kichaka kinamkamata. Huko askari wengi walibeba hii fupi ya Waingereza, Lee-Enfield namba 5.

Haya, ubao. Mimi natumia mgrevillea kwa kitako na kiwiliwili, mvule kwa mtutu na komeo, kile kipande unachovuta na kusukuma kuingiza risasi. Pima milimita 1,003, chora, kata, piga randa. Hiyo mnaijua, siwezi kuwaonyesha msumeno dakika kumi.

Sasa, ukikata umbo la Lee-Enfield na kuliacha hivyo, umechonga namba 4, yenye urefu wa milimita 1,129 na uzito wa kilo 4 na kitu. Namba 5 ni kama kilo 3.2. Hiyo karibu kilo nzima imeenda wapi? Ndiyo kazi yetu ya leo. Mwaka 1944 Waingereza walipoanza kuitengeneza kwa wingi, hawakubuni bunduki mpya. Walichukua ile ile ya komeo, risasi kumi kwenye kasha, wakaanza kuipunguza kama fundi nguo anavyopunguza suruali ya marehemu baba.

Kwanza mtutu: kutoka milimita 640 hadi 476. Pili mbao ya mbele. Kwenye namba 4 inafika karibu na mdomo wa mtutu. Hapa inakatwa katikati, mbele panabaki uchi. Kwa hiyo patasi yako inaishia hapa nilipoweka alama ya kalamu. Wengi wanapitiliza.

Tatu, hapa kwenye mwili, ukuta wa kushoto. Njoo karibu. Waliuchonga mabonde chuma kikawa chembamba. Mimi natumia patasi ya duara, nakwangua taratibu, kina cha milimita mbili tu. Na mtutu, pale nyuma karibu na chumba cha risasi, umepunguzwa pia. Usiogope, mbao haitapiga risasi.

Nne... sikilizeni vizuri sasa. Kifundo cha komeo, hiki kidude cha mviringo unachoshika ukivuta. Kwenye namba 5 kimetobolewa, kina shimo. Gramu chache tu, lakini walikuwa wanazitafuta hata hizo. TOBOA SHIMO KABLA HUJAKATA KIFUNDO. Kifundo kikiwa bado kimeshikana na kijiti kirefu, kijiti kwenye vaisi, ndipo unatia keekee ya milimita 6. Mwaka jana nilikikata kwanza, nikakitia gundi kwenye komeo, nikapaka rangi, halafu nikajifanya daktari wa meno. Kikapasuka vipande viwili, kimoja kikaenda kwenye chai. Rudia na mimi: shimo kwanza, kukata baadaye. Na usitoboe mpaka upande wa pili! Simama nusu. Ile niliyofanikiwa nayo, mwanangu alitia haragwe kwenye shimo, likakaa humo wiki nzima mpaka likaota.

Tano, faneli ya mdomo. Mtutu ukifupishwa, mwako wa baruti unatoka mkubwa mbele, usiku unamuonyesha adui ulipo, na wewe mwenyewe unapofuka. Ndiyo maana wakaweka hii koni. Ichonge kwa mvule, tia gundi, iweke... Ngoja. Simu imeniumbua! Kwenye kioo naona imeinama kushoto. Jicho langu lilisema imenyooka. Vuta kabla gundi haijashika, zungusha, tazama ukiwa nyuma ya kitako. Hapo sawa. Samahani, jogoo wa jirani ana maoni.

Kitako kimalizie kwa kipande cha mpira mnene. Mimi nakata kwenye tairi la boda, linapatikana bure kwa fundi wa pancha. Kwenye bunduki halisi mpira huo uliwekwa kupunguza teke, maana risasi ni ile ile ya namba 4 na bunduki imekuwa nyepesi. Lakini ni mwembamba, na ukizeeka unakuwa mgumu kama kokwa, kwa hiyo bega linalalamika vile vile. Tena askari walilalamika kwamba shabaha inahama yenyewe: leo unalenga sawa, kesho inapiga pembeni. Kufikia 1947 utengenezaji ukasimamishwa. Waaustralia nao kwenye kiwanda chao cha Lithgow walifanya jaribio lao la kupunguza bunduki yao ya zamani, wakaiita namba 6, lakini haikuwahi kupokelewa rasmi jeshini.

Kilengeo cha nyuma cha namba 5 kinafikia yadi 800, kwenye namba 4 ni 1,300. Mimi nakichora kwa moto wa msumari, inatosha kwa jukwaa.

Msasa, rangi nyeusi kwenye chuma, mafuta ya kitani kwenye mbao. Kisha ncha ya koni ipake rangi nyekundu. Ukiibeba, ifunge kwenye gunia. Kwenye matatu hakuna atakayeuliza ni mgrevillea au chuma.

Patasi ya duara niliyotumia ninayo tatu za kuuza, mtoe oda hapo chini. Mwalimu anachukua kesho saa nne, na gundi ya mpira haijaanza kukauka.