E Mbili na Simu ya Mjomba: Mazungumzo na Waliomaliza Kidato cha Sita, Uyole

Shikamoni wazazi. Vijana, hamjambo? Sitawaweka sana, najua kuna viazi vinasubiri kuchimbwa.

Kila Julai matokeo yakitoka, kuna kijana anaona E mbili anashangilia: "Nina prinsipo mbili, naenda chuo kikuu!" Taratibu. Prinsipo ni somo ulilofaulu kwa A hadi E. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Digrii inataka prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, tena kwenye masomo ambayo kozi yenyewe inayataka. E mbili ni pointi 2. Udaktari una masharti makali zaidi. Huko siendi leo.

Sasa mwenye E mbili afanyeje? Mimi nilirudia mtihani. Mwaka mzima nyumbani, napalilia mahindi ya baba, nikienda sokoni napita njia ya nyuma nisikutane na wenzangu. Niliyekuwa nakaa naye dawati moja akachukua diploma ya kilimo. Marudio hayakunisaidia kitu, nami nikaishia diploma ileile. Nilipofika, yeye yuko mwaka wa pili, ndiye aliyenionyesha bwalo liko wapi. Akamaliza na GPA, yaani wastani wa alama, ya zaidi ya 3, akaingia digrii kwa cheti hicho. Baba alikuwa akisema diploma ni ya walioshindwa. Mungu amrehemu, hapo alikosea.

VETA, vyuo vya ufundi stadi, nayo mnaidharau, mnaona ni ya darasa la saba. Haya, aliyejifunzia kuchomelea gereji anaweza kwenda VETA, akapimwa ujuzi wake, akapewa cheti. Wewe mwenye fizikia ya kidato cha sita unaona aibu gani?

La mwisho ni simu. Tangu 2017 maombi ya digrii unapeleka moja kwa moja kwenye kila chuo. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Mpwa wangu aliandika namba ya mjomba wake, na mjomba yuko porini Mafinga anapasua mbao, mtandao hakuna. Aliporudi na ujumbe wake, dirisha limeshafungwa. Andika namba yako. Huna simu? Ya mama, anayelala nyumbani.

Haya, maswali. Mama wa kitenge cha bluu pale nyuma, karibu.