Namba ya babu pale dirishani

SALMA: Haya jamani karibuni tena, mimi Salma, na kaka yangu Baraka huyu hapa kaja na mafua yake, mumvumilie. Leo ni wale wazee wetu wa vita vya Kagera.

BARAKA: Mafua ya kwenye basi hayo dada, nimetoka kumchukua babu, yaani mdogo wake babu mzaa baba. Nikampeleka hospitali moja, pale dirishani dada wa mapokezi anamwambia mzee naomba kadi ya bima. Mzee kakaza mgongo, mikono chini, kamtajia namba yake ya jeshi. MT, halafu tarakimu zote mojamoja wala hababaiki, na huyu ni mzee ambaye kila siku ananiita mimi kwa jina la baba!

SALMA: We! Yule dada kafanyaje?

BARAKA: Kamwambia hiyo sio ya kadi, babu. Simlaumu, binti mdogo tu yule, vita nani kamsimulia? Aibu ilikuwa yangu, maana miaka yote hiyo nilimuona ni mzee mkali wa kahawa basi.

SALMA: Kwa wadogo zetu basi, haraka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yanaingia Kagera mpaka mtoni, Novemba 2 Mwalimu anatangaza uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo, kesho yake daraja la Kyaka linalipuliwa, watu wanachukuliwa mpaka mgambo, polisi na magereza, na Aprili 11, 1979 Kampala inaanguka.

BARAKA: Hapo sasa! Uwezo, sababu, nia, kila mtu anaijua, kila Julai imejaa kwenye status za WhatsApp. Muulize huyohuyo Lukaya ni wapi.

SALMA: Usiniulize mimi.

BARAKA: Haha. Iko kati ya Masaka na Kampala, barabara imekatiza kwenye kinamasi, mafunjo huku na huku. Machi 10, 1979 brigedi yetu ya 201 iko pale, wengi wageni wa vita, Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakaanza kurusha makatyusha. Roketi nyingi zilipita juu lakini ule mlio sasa, vijana wakatawanyika gizani. Babu alikuwemo. Anakwambia "nilikimbia", hivyohivyo, hazungushi. Aliingia majini mpaka kifuani, bunduki kichwani, buti moja likabaki kwenye tope.

SALMA: Subiri, huyo ndo shujaa uliyetuletea?

BARAKA: Ndo huyo. Maana usiku uleule makamanda wakawakusanya, brigedi ya 208 ikazunguka kuwatokea adui kwa nyuma, na kulipokucha wale waliokimbia wakarudi palepale. Yeye na buti moja. Dada, kwenda mbele wakati hujawahi kusikia roketi inavyolia, hata mimi naweza labda. Yeye alishaisikia.

SALMA: Aisee... Sasa mwanajeshi mzima inakuwaje hana bima?

BARAKA: Aliacha kazi kabla hajafikisha miaka ya pensheni. Akapewa kiinua mgongo, akanunua ng'ombe na mabati, kwisha. Na wapo waliokuwa mgambo, vita vikaisha wakarudi zao shambani, na kurudi kwenyewe ni ile nchi ya Mwalimu kasema tufunge mikanda miezi 18, mikanda ikanogewa.

SALMA: Foleni za sabuni! Mama mpaka leo hatupi kipande. Ila mimi gwaride silipingi, sikufichi, Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais akiweka mkuki na ngao pale mnarani na buruji linalia mwili unanisisimka. Na kule makaburini Kaboya, Muleba, wenzao walilala wamepangwa mistari. Sawa kabisa. Mimi nauliza tu huyu mzee anayekohoa Julai 26.

BARAKA: Jenerali Musuguri, kamanda wao wa vita ile, alipofariki 2024, miaka 104, babu alikaa na redio siku nzima hataki kuongeleshwa. Kasema tu "Mutukula kaondoka." Ndo jina walilomwita.

SALMA: Kwa hiyo kadi mmefikia wapi? Maana kuna wasikilizaji wana wazee wao ndani.

BARAKA: Nilihangaika kumbe njia ipo. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza ana msamaha wa matibabu hospitali za serikali, unaanzia barua ya serikali ya mtaa, unaenda nayo ustawi wa jamii, anapata kitambulisho. Shida mzee wa jeshi haendi mwenyewe, hilo neno asiyejiweza limemkera, kaniuliza mimi sijiwezi?

SALMA: Ukajibu nini sasa?

BARAKA: Nimeshindwa, nikamwambia ni lugha ya ofisini babu. Na ile hati yake ya kuachia jeshi tumeipiga kopi tatu, panya walishaanza kona moja. Simu pia nimemuwekea irekodi, dakika arobaini kaongelea Lukaya, thelathini kati ya hizo ni buti.

SALMA: Hahaha! Lini mnaenda?

BARAKA: Alhamisi. Kasema nimpigie pasi shati jeupe, na pale ofisini nisimsemee, namba zake atazitaja mwenyewe.