Dira ndani ya maji ya Winam: unaifunga wapi?

ACHI: Tuko hewani kutoka Kisumu, hapa Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, nje kunanyesha so mkiskia mabati msishtuke. Odu, leo ni dira ya kupiga mbizi. Si dira ni dira tu? Hii story ya ati kuna dira za kaskazini na za kusini inatoka wapi?

ODU: Hapo ndio watu huchomeka, omera. Sindano haivutwi kwenda kaskazini peke yake, inavutwa pia chini, na ukizidi kutoka kwa ikweta ya sumaku ndio inazidi kuinama. Sasa msee anapita pale Maseno anaona ile saini ya ikweta anasema ah sisi tuko katikati, kumbe ikweta ya sumaku iko juu huko Ethiopia. Kwetu inainama upande wa kusini. So ukichukua mtumba iliyobalansiwa ya Ulaya, mkono ukilala kidogo tu kadi, ile sahani yenye sindano, inagusa inakwama, na wewe unapiga mapezi ukidhani uko sawa.

ACHI: Heh. So dukani naangalia nini?

ODU: Kama ni dira ya Suunto SK-8, zipo za kaskazini na za kusini, uliza kabla hujatuma pesa. Alafu iinamishe hapo hapo uone kama bado inazunguka.

ACHI: Haya nimenunua. Naiweka kwa konsoli, ile kasha ya geji inaning'inia kwa hosi, pamoja na geji ya hewa, mambo kwisha.

ODU: Diani ama Watamu utatoboa nayo, maji ni safi. Hapa Winam na hiyo matope na magugu? Ule mstari wa dira lazima ulingane na mwili wako, na konsoli inaning'inia huko mbavuni, ukiivuta hosi inaipinda. Ukikosa digrii 10 pekee, ukienda mita 100 uko kando mita 17 hivi, na kama unatafuta injini ya boti iliyozama ushapita.

ACHI: Basi mkononi. Unanyoosha mkono mmoja mbele, ule wa dira unashika kiwiko, iko hapo katikati ya macho.

ODU: Na tochi utashika na nini? Mimi ni retrakta kifuani, ile kamba ya springi inajirudisha yenyewe, unavuta, mikono miwili, viwiko vimebana.

ACHI: Retrakta zingine ziko na springi ya stili bwana!

ODU: Kweli, ilete karibu na dira ukiwa nyumbani, sindano ikicheza, achana nayo. Ni kama kisu, ama hizo tochi za swichi ya sumaku. Hata mtungi wa stili wa mwenzako akikusongea sana. Wa alumini hauna neno.

ACHI: Mimi bado ni mkono, lakini mkanda nimetoa nikaweka kamba ya mpira, juu wetisuti, ile nguo ya mbizi, ikifinywa na maji huko chini inakonda, mkanda wa kawaida unalegea dira inazunguka mkononi.

ODU: Hiyo nakupa. Na kabla uingie zungusha ringi ya dira, ile ya alama za digrii, kabisa, weka njia ya kurudi kichwani, digrii 180 kutoka ile ya kwenda, usianze hesabu kwa giza.

ACHI: Na hatujagusa ati ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari, jedwali za mbizi, zile za kuhesabu muda wa kukaa chini, zinabadilika.

ODU: Hiyo wiki ijayo, mvua inatushinda sauti.