Jinsi ya Kuhakiki kwamba 2,147,483,647 ni Namba Tasa

Karibuni, ndugu watazamaji. Wengi wetu hapa Uganda tulifundishwa hesabu kwa Kiingereza, kwa hiyo nianze na jina: namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Tuliyo nayo leo ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Mfanyabiashara wa Kikuubo, eneo la biashara jijini Kampala, anayeweka hesabu zake za shilingi katika programu ya zamani ya biti 32 huenda akagonga ukuta papo hapo, kwani programu nyingi za aina hiyo haziwezi kuhifadhi namba nzima inayoipita hii.

Andaeni daftari na kikokotoo cha simu. Kwanza tuondoe zilizo nyepesi: namba yetu inaishia na 7, basi 2 na 5 hazimo, jumla ya tarakimu zake ni 46, basi 3 nayo haimo.

Pili, tafuteni kipeuo chake cha pili, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata namba yetu, ambacho ni 46,340 na ushei. Kama namba hii si tasa, lazima iwe na kigawanyo tasa kisichozidi hapo.

Hatua ya tatu ndiyo tamu, nayo ndiyo iliyomwezesha mwanahisabati Leonhard Euler kuimaliza kazi hii kufikia mwaka 1772, wakati macho yake yalikuwa karibu yamepofuka. Kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, kigawanyo chochote tasa cha namba yetu, ukikitoa 1, hugawanyika kwa 62. Zaidi ya hayo, ukikigawanya kwa 8, baki ni 1 au 7 tu. Ukiyaunganisha masharti haya mawili, kila kigawanyo tasa ni kizidisho cha 248 ukiongeza 1, au kizidisho cha 248 ukiongeza 63. Hadi 46,340, ukiacha 63 yenyewe ambayo si tasa, zinabaki namba 372, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo tunazifuta bila kuzijaribu.

Tuorodheshe: 249 ni 3 mara 83, tunaifuta; 311 ni tasa, tunaijaribu. Kikokotoo kinaonyesha 6,905,092.11. Msiiamini desimali, chukueni 6,905,092, zidisheni kwa 311, mpate 2,147,483,612, kisha toeni katika namba yetu. Baki ni 35, basi 311 si kigawanyo. Kuanzia 497 hadi 1,241 zote zinafutika, kwa mfano 559, ambayo ni 13 mara 43. Inafuata 1,303, inayoacha baki la 226.

Zamu yenu sasa ni 1,489. Simamisheni video, mgawanye kwa njia ileile. Mkipata baki la 199, endeleeni na orodha hadi 46,340.