Kigango Kikifika Nairobi Hakijafika Kwao

Asanteni. Wengi wenu mmenisikia nikilisema hili, na leo nalisema tena. Kila shehena ya vigango, zile nguzo za mbao ambazo Wamijikenda huwasimamishia wazee wao marehemu, ikitua Nairobi kutoka ng'ambo tunapiga picha na makofi, kisha vigango vinaingia stoo na habari inaishia hapo. Kigango hakikutoka Nairobi, jamani! Kilitoka kwenye boma la mtu, Pwani.

Sikilizeni habari ya mzee Kalume Mwakiru wa Kaloleni. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Mtafiti aliporudi kumletea picha yake, vigango vilikuwa vimeibwa, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Ikapita miaka mpaka 1999, ndipo mama huyo, akiwa kwenye mkutano wa wasomi, alipoona kimojawapo katika slaidi za mwenzake, Linda Giles. Kilikuwa kwenye jumba la makumbusho huko Illinois, Marekani. Cha pili kikapatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 familia ilikabidhiwa vyote viwili. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Vilirudi kwa sababu kulikuwa na picha, na kwenye picha kulikuwa na mtu mwenye jina. Kwa hiyo nikiona kibao kinachosema tu “sanamu ya mbao, Kenya”, damu inanichemka. Sanamu ya nani? Aliisimamishiwa nani? Tazameni kigango kwa makini: kichwa bapa cha duara, mikono hakuna, vipembetatu vimechongwa safu kwa safu mwilini. Ila sehemu ya chini haina nakshi, kwa kuwa ni ya kufukiwa. Hicho ni kitu cha kusimama udongoni, kikimwagiwa tembo la mnazi.

Mtaniambia, “Lakini wenyewe walihama wakaviacha.” Ndiyo, na mila ndivyo inavyotaka: kigango kikishasimamishwa hakihamishwi. Nyinyi mnaoishi mitaa ya Nairobi kama Umoja na Kayole, makaburi ya babu zenu kule kijijini mmeyatupa? Mtaniambia tena, “Vitaibwa.” Basi wekeni simiti, wekeni vyuma, mlipeni mlinzi mshahara! Stoo ya Nairobi haimlindi marehemu wa Kaloleni.

Muda unanitupa mkono, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Vigango 30 vya jumba la makumbusho la Denver, Marekani, nilitaka nivieleze kirefu. Itoshe kusema jumba lile lilikubali kuviachilia mwaka 2014 na vikachukua miaka kufika. Ngadji, ile ngoma kuu ya Wapokomo, bado iko London. Na ile orodha ya 2021 ya mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo ina vitu vyetu zaidi ya 32,000 katika taasisi za Ulaya na Marekani. Naomba wakuu wa makumbusho waliomo humu waipeleke kwa wazee wa Kaloleni, Ganze na Tana River, ikiwa na picha na ikiwa kwa Kiswahili, kabla hawajaandika barua nyingine ya kudai chochote. Haya, maswali.