Mmenyuko Utaelekea Wapi? Piga Hesabu ya Q, Usibahatishe

Karibuni. Umepewa chombo chenye mchanganyiko wa gesi, na mmenyuko wake unaweza kwenda mbele au kurudi nyuma. Swali linasema: utaelekea upande gani? Wengi huangalia kipi kimejaa zaidi, wakaamua papo hapo. Leo tunapiga hesabu ya Q, yaani uwiano wa mazao na vianzio vilivyomo chomboni kwa sasa. Shika kalamu na kikokotoo, tufanye pamoja.

Kwanza kabisa, andika mlinganyo na uhakikishe umesawazishwa. Hapo kwenye skrini mnaona:

H₂ + I₂ ⇌ 2HI

Haidrojeni na iodini zinatengeneza haidrojeni iodaidi, na haidrojeni iodaidi nayo inavunjika na kurudi kuwa hizo mbili. Mjerumani Max Bodenstein aliuchunguza sana mmenyuko huu miaka ya 1890. Mimi naupenda kwa sababu unaonekana kwa macho: mvuke wa iodini ni wa zambarau, gesi nyingine mbili hazina rangi. Zambarau ikikolea, ujue mmenyuko unarudi kushoto. Ikififia, unakwenda kulia.

Pili, tafuta K, yaani konstanti ya msawazo, kwa joto lililotajwa kwenye swali. Msawazo ni hali ambapo mmenyuko wa mbele na wa nyuma unakwenda kwa kasi ileile. Kwa nyuzi 430 za Selsiasi, K ya mmenyuko huu ni 54.3. Joto likibadilika, K nayo inabadilika, kwa hiyo usichukue ya joto jingine. Angalia pia mlinganyo umeandikwa kuelekea wapi. Mtu akiugeuza, HI ikakaa kushoto, K inakuwa 1 gawanya kwa 54.3, takriban 0.0184.

Sasa tunakuja kwenye Q. Kanuni yake ni ileile ya K: mkolezo (moli kwa kila lita) wa mazao, yaani vilivyo kulia, juu, mkolezo wa vianzio, yaani vilivyo kushoto, chini, kila kimoja kikipandishwa kwa kipeo cha namba iliyo mbele yake kwenye mlinganyo. Tofauti ni kwamba kwenye Q unaingiza mikolezo iliyomo chomboni sasa hivi, hata kama msawazo haujafikiwa.

Chombo chetu ni cha lita 5. Kina moli 0.50 za haidrojeni, moli 0.10 za iodini na moli 2.0 za HI. Gawanya kila moja kwa 5: tunapata 0.10, 0.020 na 0.40. Mbele ya HI kuna 2, kwa hiyo 0.40 inapandishwa kipeo cha pili: 0.16. Chini, 0.10 mara 0.020 ni 0.0020. Gawanya. Q ni 80.

Linganisha: 80 ni kubwa kuliko 54.3. Mazao yamezidi kiwango cha msawazo, mmenyuko unarudi kushoto, HI inavunjika na zambarau inakolea. Q ingekuwa ndogo kuliko K, ungekwenda kulia. Zikiwa sawa, hakuna upande unaoushinda mwingine, ingawa molekuli zinaendelea kumenyuka pande zote mbili kwa kasi ileile.

Haya, simamisha video hapa. Tuseme HI ni moli 1.5, vingine vyote vilevile. Fanya mwenyewe, kisha rudi.

Umerudi? Mkolezo wa HI ni 0.30, kipeo cha pili ni 0.09, gawanya kwa 0.0020 unapata 45. Ni ndogo kuliko 54.3, kwa hiyo mmenyuko unakwenda kulia. Tazama vizuri: HI ni mara tatu ya haidrojeni na mara kumi na tano ya iodini, na bado inaendelea kutengenezwa! Aliyeamua kwa kuangalia kilichojaa ameshakosa. Na aliyesahau kipeo amepata 150, akasema kushoto. Kosa la kipeo halikupunguzii usahihi kidogo tu, linakugeuzia jibu zima.

Ukishajua mwelekeo, ndipo unaweka alama za kutoa na kujumlisha kwenye jedwali la kutafuta mikolezo ya mwisho, x ikiwa ni kiasi cha mkolezo wa haidrojeni kinachotumika. Hapa ni 0.10 − x, 0.020 − x, na 0.30 + 2x.

Je, kugawanya kwa lita ni lazima? Kwenye mfano huu, ukisahau unaponea, maana moli za gesi ni mbili kushoto na mbili kulia, lita zinafutana. Usizoee. Chukua N₂O₄ ⇌ 2NO₂ kwa nyuzi 25, K yake ni 0.0046. Chombo cha lita 2 kina moli 0.20 za N₂O₄ na moli 0.040 za NO₂. Ukigawanya, Q ni 0.0004 gawanya kwa 0.10, yaani 0.0040: kulia, rangi ya kahawia ya NO₂ inaongezeka. Usipogawanya unapata 0.0080, na jibu linageuka.

Kichocheo kikitajwa, kipite. Kinaharakisha kufika, mwelekeo hakiugusi.

La mwisho ni vitu vigumu (yabisi) na vimiminika visivyochanganywa na kitu: hivyo haviingii kwenye Q. Waliochoma chokaa ya matumbawe pwani wameutumia mmenyuko huu:

CaCO₃ ⇌ CaO + CO₂

Jiwe (CaCO₃) na chokaa (CaO) vyote ni vigumu, kwa hiyo Q inabaki kuwa ya gesi ya CO₂ peke yake. Kwenye tanuu la wazi, joto likiwa karibu nyuzi 900, gesi inachukuliwa na upepo, Q haiifikii K, na mawe yanaendelea kugeuka chokaa hadi yaishe. Fungia mawe hayohayo kwenye chombo kisichovuja, kwa joto lilelile, CO₂ itajikusanya mpaka Q iwe sawa na K. Hapo hata ukiongeza mawe, chokaa haitaongezeka.