Kielezi "Sparingly" na Kipimo Kisichotajwa

Ndugu walimu na wanafunzi wa tafsiri, leo nitazungumzia kielezi kimoja tu cha Kiingereza, "sparingly", ambacho hukutwa mara nyingi kwenye maelezo ya dawa za kupaka na ambacho sisi tumezoea kukitafsiri kwa neno "kidogo". Kidogo hutaja kiasi, ilhali "sparingly" hutaja mwenendo wa mtu ambaye angeweza kutumia zaidi, lakini akajizuia.

Kujizuia huko si sifa kila mahali. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba apandaye "sparingly" atavuna vivyo hivyo, na watafsiri wetu wakasema, "Apandaye haba atavuna haba." Hapo kielezi kinalaumu, kwa kuwa kimekabilishwa na ukarimu. Kwenye dawa, neno lilelile ni ushauri.

Ushauri huo, hata hivyo, hauna kipimo, na hilo ndilo linalonisumbua. Wafamasia wenyewe, wanapoeleza umumunyifu, yaani jinsi dutu inavyoyeyuka katika kimiminika, wamekipa kielezi hiki tarakimu: dutu iliyo "sparingly soluble" ni ile ambayo sehemu yake moja huhitaji sehemu 30 hadi 100 za kimumunyishi, yaani kimiminika cha kuiyeyusha. Lakini mama mwenye mtoto anayeugua pumu ya ngozi, akikabidhiwa krimu ya steroidi, huambiwa tu apake kidogo. Ni kweli kwamba krimu hizi zikitumiwa ovyo huikondesha ngozi, na wanaozichanganya katika mkorogo wa kujichubua ngozi wanastahili kuonywa kwa ukali. Ila onyo lisilo na kiasi humtia hofu mama huyu mwangalifu, akapaka chembe isiyotibu, na mtoto akaendelea kujikuna usiku kucha.

Mwaka 1991 Long na Finlay, madaktari wa Cardiff, Wales, walieleza kipimo ambacho kila mtu anatembea nacho: krimu inayokamuliwa kutoka kwenye tyubu juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia nchani hadi mkunjo wa kiungo cha kwanza. Ni takriban nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo.

Kwa hiyo, mkipewa maelezo ya krimu ya namna hii, napendekeza muache neno "kidogo" na, kwa idhini ya mfamasia, muandike: "Paka utando mwembamba penye ugonjwa tu; krimu ya urefu wa pingili ya nchani ya kidole cha shahada cha mtu mzima kwa eneo la viganja vyake viwili, vidole vikiwemo."